Funga Dirisha, Linda Nyaraka

Tangazo lile niliandika mimi. Nalisema mapema, kabla sijamnyooshea mtu mwingine kidole. Karatasi moja ya A4, herufi kubwa nyeusi, imepigwa laminesheni kwenye steshenari iliyo nje ya geti la hospitali: TAFADHALI FUNGA DIRISHA, LINDA NYARAKA. Niliibandika kwa mkono wangu kwenye ukuta wa masjala, kati ya madirisha mawili ya nyuma. Nikarudi hatua mbili kuitazama, nikajisikia nimeanza kulitumikia taifa.

Nasoma shahada ya uzamili katika utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Mwaka jana nilikaa wiki nane kwenye masjala ya hospitali moja ya mkoa nikikusanya data za tasnifu. Sitaitaja hospitali hiyo, na kama umewahi kuugua nchi hii utaitambua hata bila jina. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu dakika: mgonjwa anafika dirishani, anatoa kadi, karani anapotelea kati ya rafu, faili linatoka. Nilikuwa na saa ya simu, daftari, na imani kubwa kwamba tatizo la hospitali zetu ni mpangilio wa namba.

Chumba chenyewe kina rafu za chuma kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Mafaili ya kaki yamefungwa kwa kamba, na yaliyokosa nafasi yamelazwa chini kwenye maboksi yaliyobeba dripu. Mbele kuna dirisha la huduma lenye kioo na nondo, na chini yake tundu la kupitishia kadi. Nje ya tundu hilo kuna kibaraza, na kwenye kibaraza kuna foleni inayoanza saa kumi na mbili asubuhi. Ndani wapo makarani wanne. Mkuu wao ni mama wa miaka hamsini na ushee ambaye hospitali nzima, kuanzia Mganga Mfawidhi hadi mlinzi wa geti, inamwita Mama Mafaili. Ametimiza miaka ishirini na miwili chumbani humo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutupima tena?"

Hakuhitaji kupimwa. Ungemtajia jina na mwaka, angekwambia rafu. Alikuwa na namna yake ya kutafuta: analamba ncha ya kidole cha shahada, anafunua, analamba, anafunua, kama mtu anayehesabu noti. Siku ya tatu niliandika kwenye daftari langu: "Mate yanaharibu karatasi." Naapa ndivyo nilivyoandika. Haikunijia hata kidogo kwamba karatasi nayo inaweza kumharibu yeye.

*

Darasani tulifundishwa maadui wa karatasi kama mtoto anavyofundishwa majina ya wajomba zake. Unyevu. Jua. Vumbi. Mchwa. Panya. Moto. Na binadamu, hasa yule anayekula chapati huku ameshika jalada. Tulifundishwa kiwango cha joto kinachofaa chumbani, tukafundishwa kwamba dirisha lililoachwa wazi ni mlango wa maangamizi. Yote hayo ni kweli. Nimeona kwa macho yangu mafaili yaliyogeuka tope baada ya mvua moja ya masika, na ndani ya tope hilo kulikuwa na historia ya presha ya mtu. Lakini katika mihula yangu yote sikumbuki hata kipindi kimoja kilichouliza swali la upande wa pili: maadui wa mtu anayeitunza karatasi ni akina nani?

Kwa hiyo nilipoyakuta madirisha mawili ya nyuma yako wazi, upepo unapeperusha fomu na vumbi la barabarani limelala juu ya rafu, nikafanya nilichofundishwa. Nikashauri yafungwe. Wakafunga. Msomi amesema.

Tazama nilichokitengeneza. Chumba kimoja, watu wanne, watano ukinihesabu. Feni moja inayozungusha hewa ile ile. Mbele, tundu linaloelekea kwenye kibaraza kilichojaa watu, wengi wao wakikohoa kwa sababu kikohozi ndicho kilichowaleta. Nyuma, madirisha ambayo yangeivuta hewa hiyo ipite na kwenda zake, yamefungwa kwa ajili ya afya ya karatasi.

Mama Mafaili alikuwa akikohoa tangu siku niliyofika. Alisema ni vumbi. Na mimi nikaliamini vumbi, tena kwa furaha, maana lilinipa hoja ya kufunga madirisha.

Wiki ya sita muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu alipita kuchukua faili, akasimama mlangoni, akasikiliza. Akasema, "Mama, hicho kikohozi ni cha lini? Kesho niletee makohozi." Siku mbili baadaye Mama Mafaili alirudi kutoka maabara akiwa kimya. Akavuta jalada jipya la kaki, akaandika jina lake, umri wake na mtaa wake kwa mwandiko ule ule mzuri, akalipa namba inayofuata kwenye rejista. Faili lake alilifungua mwenyewe. Hakuna mwingine chumbani aliyejua aseme nini, mimi nikiwa wa kwanza, na nilikuwa nimeshika saa.

Sidai kwamba madirisha niliyoyafunga ndiyo yaliyomwambukiza. Vimelea vya TB huweza kulala mwilini miezi au miaka kabla ya kuamka, na alishaanza kukohoa kabla sijakanyaga pale. Inawezekana kweli aliupata kwenye daladala. Ninachokijua ni kwamba kwa wiki kadhaa mama mgonjwa alikohoa ndani ya chumba nilichokiziba mimi, na ndani yake walikuwemo makarani wengine watatu, mmoja wao mjamzito. Na ninajua jibu alilopewa alipokwenda kuuliza kama ugonjwa wake unaweza kuhesabiwa kuwa umetokana na kazi.

"Mama, wewe hushiki wagonjwa. Wewe unashika karatasi tu."

*

Karatasi tu. Ugomvi wangu uko kwenye maneno hayo mawili.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya mwaka kuhusu watumishi wa afya. Humo lilimweleza mtumishi wa afya kuwa ni kila mtu ambaye kazi yake lengo lake kuu ni kuboresha afya. Likahesabu watumishi kama milioni 59 duniani, na theluthi moja yao hawakuwa madaktari wala wauguzi. Ni wale wa uendeshaji na wa kusaidia huduma: wahasibu, madereva, wafanya usafi, makarani. Kwa hiyo swali la kama Mama Mafaili ni mtumishi wa afya lilishajibiwa. Tunachofanya sisi ni kulijibu upya kila siku, kwa vitendo. Semina ya kinga na udhibiti wa maambukizi inapotangazwa, majina yanayobandikwa ubaoni ni ya wodini na maabara. Chanjo ya homa ya ini inapofika, foleni ni ya "watoa huduma". Barakoa zinapogawiwa, boksi hupita masjala kama gari la msafara linavyopita kituo cha daladala.

Utaniambia: lakini ni kweli, muuguzi yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Sikatai. Muuguzi anachoma sindano, anabadilisha shuka, anamshika mtu anayetapika. Sitafuti kumvua barakoa nimvishe karani. Ila kuna jambo moja ambalo karani analo na muuguzi hana, na hakuna aliyelitia maanani: karani hukutana na mgonjwa kabla ya kila mtu.

Muuguzi wa wodi ya TB anajua yuko wodi ya TB. Daktari anamwona mtu ambaye ameshaulizwa maswali na mara nyingi ameshapimwa. Karani hukutana na mtu ambaye ugonjwa wake bado hauna jina. Jina litaandikwa baadaye, ndani ya faili ambalo yeye anakwenda kulitafuta. Anakipokea kikohozi kikiwa kibichi.

Na anakipokea usoni. Simama siku moja pembeni ya dirisha la masjala utazame miili. Kelele ni nyingi, kioo ni kizito, tundu liko chini. Mgonjwa anainama, anasogeza mdomo kwenye tundu, anataja jina lake kwa nguvu. Karani naye anainama upande wa pili asikie. "Nani?" Anarudia. "Wa mtaa gani?" Anakohoa, anarudia. Uso kwa uso, kiganja kimoja kati yao, mara mia kwa siku. Halafu tunasema huyu hashiki wagonjwa.

Ugonjwa unaosafiri hewani hauhitaji kushikwa. Jambo hili lilithibitishwa mjini Baltimore, Marekani, kwenye jaribio lililoanza miaka ya 1950. Daktari Richard Riley na mwalimu wake William Wells walichukua hewa iliyotoka kwenye wodi ndogo ya wagonjwa wa TB, wakaipitisha kwenye mabomba hadi kwenye chumba cha juu walimofuga simbilisi, wale wanyama wadogo ambao Nyanda za Juu Kusini huwafuga kwa kitoweo. Simbilisi hawakumwona mgonjwa hata mmoja. Hawakugusa shuka wala kikombe. Walichopewa ni hewa tu. Mwezi baada ya mwezi, mmoja baada ya mwingine, wakaambukizwa. Kundi jingine lililopewa hewa ya wodi hiyo hiyo, baada ya kupitishwa kwenye mwanga wa urujuanimno unaoua vimelea, lilisalimika.

Hawakushika wagonjwa wale simbilisi. Wala hata karatasi hawakushika.

*

Na karatasi yenyewe je? Hapa lazima niwe mkweli, maana kuna hofu ya kijinga kama ulivyo uzembe wa kijinga. TB haiambukizwi kwa kushika faili la mwenye TB. Karani anayelishika faili la kliniki ya watu wanaoishi na VVU kwa ncha za vidole, kama anashika panya aliyekufa, hajikingi na chochote. Anamtukana tu mwenye faili, na mwenye faili anamwona kupitia kioo.

Lakini karatasi si malaika. Mafaili ya wodi ya wazazi hurudi masjala yakiwa na madoa, na madoa hayo si ya chai. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi kwenye damu iliyokauka kwa siku saba au zaidi, na kidole cha karani huchanwa na ukingo wa karatasi na kuchomwa na pini za stepla siku zote, ndiyo kazi. Homa hiyo ina chanjo: dozi tatu, unamaliza ndani ya miezi sita. Watoto wa Tanzania walianza kuipata pamoja na chanjo zao nyingine mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu wa umri wa Mama Mafaili hakuipata utotoni. Ukubwani angeipata kama angekuwa kwenye orodha, na kwenye orodha hayupo, kwa sababu anashika karatasi tu.

Kisha kuna kile kidole. Faili hutoka kwa mgonjwa anayeharisha, hupita kwa mhudumu, hupita juu ya kitanda, hupita kwenye kaunta ya maabara, hurudi masjala, na huko hukutana na kidole kinachokwenda ulimini. Nenda benki yoyote. Mhesabu fedha ana kisahani chenye sponji iliyolowa maji, kwa sababu kuna mtu mahali fulani aliamua kwamba ulimi wake usiguse noti. Sponji ile ni bei ya soda. Miaka ishirini na miwili, hakuna aliyewahi kufikiri kuhusu ulimi wa Mama Mafaili, na mimi nilipoufikiria niliihurumia karatasi.

Usiniambie kwamba dunia haikujua. Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa inateketeza Liberia, Sierra Leone na Guinea, kwenye vituo vya matibabu karatasi iliyoingia eneo la wagonjwa haikutoka. Daktari aliyevaa mavazi ya kinga alisimama upande mmoja wa uzio akapaza sauti kusoma taarifa za mgonjwa, na mwenzake upande wa pili akaziandika kwenye karatasi safi. Ilitengenezwa hata kompyuta bapa inayoweza kuzamishwa kwenye maji ya klorini. Na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015 kuhusu watumishi walioambukizwa kwenye mlipuko ule iliwahesabu pia wafanya usafi na mafundi wa matengenezo, si madaktari na wauguzi peke yao. Ugonjwa ukiwa unaitisha dunia, kila mtu ndani ya uzio ni mtumishi wa afya. Ugonjwa ukiwa wa kwetu wa kila siku, tunarudi kwenye vyeo.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na mmoja wa walioujenga alikuwa daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, ambaye mwenyewe aliugua TB akiwa mfungwa kwenye kambi ya Mauthausen wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Dawa zilikuwepo hata kabla yake. Alichokijenga pamoja na Watanzania ni utaratibu wa kumfuata mgonjwa hadi apone, na uti wa mgongo wa utaratibu huo ulikuwa rejista: jina, tarehe aliyoanza dawa, majibu ya makohozi, tarehe aliyomaliza, amepona, amepotea, amefariki. Kila robo mwaka mtu aliketi akahesabu. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo huo, likaupa jina la DOTS, na nchi nyingi zikaufuata.

Yaani vita vya dunia dhidi ya kifua kikuu vilijengwa juu ya rejista, na rejista hiyo ilijaribiwa hapa. Kuna mamilioni ya watu hai leo kwa sababu mtu fulani aliandika jina kwenye mstari sahihi. Nchi iliyoifundisha dunia kwamba karatasi inaokoa maisha ndiyo leo inamwambia mwenye kuishika kwamba ni karatasi tu.

*

Nimeshazisikia hoja za kunijibu, nyingine kutoka kwa watu ninaowaheshimu.

Ya kwanza: "Mfumo wa kompyuta umeshakuja, masjala zinakufa." Umekuja kweli, na ni jambo jema. Kwenye hospitali niliyokuwepo kompyuta ziliwekwa kwenye dirisha lile lile, mbele ya tundu lile lile, na umeme ukikatika mafaili yanarudi. Mgonjwa bado anainama kutaja jina. Kilichobadilika ni kwamba makarani watatu wanaopokezana zamu wanagusa kibodi moja ambayo sikumwona mtu akiifuta hata mara moja kwa wiki nane. Kompyuta inaiondoa karatasi. Hewa inabaki.

Ya pili: "Wapewe glavu." Glavu niliziona. Siku moja tulitangaziwa ugeni kutoka ngazi za juu, na asubuhi yake boksi la glavu likatua mezani. Makarani wakavaa. Kwa glavu hizo hizo wakashika mafaili, simu, vitasa, maandazi ya saa nne na pua zao. Wageni wakaridhika, wakapiga picha, wakaondoka. Jioni glavu zikavuliwa, na boksi likarudi stoo kusubiri ugeni mwingine. Glavu anayoivaa mtu kutwa nzima ni ngozi ya pili ambayo hainawi. Karani anahitaji maji na sabuni karibu na meza yake. Mwaka 2020 kila mlango wa nchi hii ulikuwa na ndoo yenye koki. Ndoo ya masjala bado ipo. Wameweka mihuri ndani.

Ya tatu ndiyo inayopendwa kuliko zote: "Bajeti hakuna." Sawa, tuzungumze bajeti. Matokeo ya utafiti uliofanywa kwenye hospitali nane za Lima, nchini Peru, yalichapishwa mwaka 2007. Watafiti walipima jinsi hewa inavyobadilika vyumbani madirisha na milango ikiwa wazi. Kwa kawaida hewa ilibadilika mara 28 kwa saa. Vyumba maalumu vya mashine za gharama, vilivyojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa TB, vilikuwa na kiwango cha mara 12. Majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha mapana yaliyashinda ya kisasa. Masjala zetu nyingi ziko kwenye majengo ya zamani hayo hayo. Bajeti ya kufungua dirisha ni kuwa na mkono.

Kwa hiyo ninachokidai si msamiati wa semina. Fungueni madirisha ya masjala. Badala ya kuziba dirisha, isogezeni rafu, na mafaili ya ukutani yafunikeni kwa turubai au pazia zito wakati wa mvua. Inueni tundu lile lifike usawa wa uso, au wekeni mtu kibarazani anayepita kwenye foleni kabla jua halijachomoza akiuliza kwa sauti ya chini, "Kuna mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili?", ampe barakoa, amtoe kwenye foleni, amtangulize. Si adhabu. Ni upendeleo anaoustahili. Wekeni maji na sabuni ndani ya masjala. Wapeni sponji. Waandikeni makarani kwenye orodha ya chanjo ya homa ya ini na ya uchunguzi wa TB wa kila mwaka, kwa majina yao, kama wao wanavyowaandika wengine. Na mmoja wao akiugua, muwe na aibu ya kumwambia ameupata mtaani kabla hamjauliza chochote. Orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inaitaja TB na inaitaja homa ya ini. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003. Sihitaji kuwatungia nyingine.

Na sisi wa nyaraka tusijifiche nyuma ya waganga wakuu. Mitaala yetu inatufundisha kuwahofia mchwa. Itufundishe pia kuwahofia vimelea. Nilipoongeza sura kuhusu hewa kwenye tasnifu, msimamizi wangu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii ina uhusiano gani na utunzaji wa kumbukumbu?" Ni mwalimu mwema na simlaumu, kwa maana miezi michache kabla hata mimi ningeuliza hivyo hivyo. Nilimjibu kwamba kumbukumbu bora kuliko zote kwenye masjala ile haikuwa kwenye rafu. Ilikuwa kichwani mwa mama mmoja, na nusura tuipoteze. Sura ikabaki.

*

Nilirudi mwezi uliopita kuwapelekea nakala. Mama Mafaili alikuwa mezani kwake. Alishamaliza miezi sita ya dawa, makohozi yamekuwa safi, amenenepa kidogo mashavuni. Karani aliyekuwa mjamzito alishajifungua na kurudi kazini. Wote walikuwa wamepimwa, na mimi pia. Tulisalimika.

Madirisha ya nyuma yalikuwa bado yamefungwa, na tangazo langu lilikuwa pale pale, safi, halina hata doa. Ndiyo faida ya laminesheni.

Nikalibandua. Gamu iliacha alama nne ukutani. Kisha nikasukuma dirisha la kwanza, likagoma, nikasukuma tena. Upepo uliingia na fomu mbili zikaruka kutoka mezani.

"Mwanangu," Mama Mafaili akasema, "si wewe uliyetuambia tufunge?"

"Ni mimi, mama. Nilikosea."

"Na vumbi?"

"Vumbi tutafuta."

Alinitazama kwa muda, kama anavyomtazama mtu aliyekuja bila kadi. Kisha akamtuma kijana wa kujitolea nje, akarudi na mawe manne, akayasuuza bombani, na Mama Mafaili akayaweka moja moja juu ya rundo la fomu. Akavuta faili la mgonjwa aliyekuwa akisubiri dirishani, akainua kidole, akakifikisha karibu na mdomo, akakumbuka, akacheka.

Kwenye begi langu nilikuwa na sponji.